Somo: Namna ya kutafiti kama magrupu yetu ya WhatsApp yanazidisha mpasuko wa kisiasa au yanaupoza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi mmeniuliza vipi mtu anaweza kutafiti maneno ya kwenye simu na siasa zetu bila ya kuishia kukusanya matusi. Kazi hii nimeifanya Unguja na Pemba, nimekosea mara nyingi, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kabla hujaomba kuona simu ya mtu yeyote, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Omba magazeti ya zama za siasa, yaani miaka ya kabla ya Mapinduzi ya 1964: Mwongozi ya upande wa Hizbu (chama cha ZNP) na Afrika Kwetu ya upande wa chama cha Afro-Shirazi, ukae nayo wiki nzima. Januari 1961 jimbo moja la Pemba liliamuliwa kwa kura moja. Juni mwaka huohuo uchaguzi ulirudiwa na watu 68 wakafa katika fujo. Watu walisusiana maduka, harusi na maziko, na vyama vingi viliporudi 1992 mambo hayo yalionekana tena Pemba, hadi wengine wakatengana misikiti. Simu haikuwepo. Kwa hiyo usiingie kazini ukiwa umeshaamua kuwa WhatsApp ndiyo mkosaji. Na kipimo wazee wametuachia tayari: nani anamzika nani.

Hatua ya kwanza: swali

Tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Moja ni kutofautiana kwa fikra, kwa mfano juu ya Muungano au mfumo wa serikali. Hilo halina ubaya wowote. La pili ni kumchukia mtu kwa sababu ya chama chake. La tatu ni kumdhania mwenzako mabaya zaidi kuliko aliyonayo. Utafiti mmoja uchukue moja. Mimi nakushauri uchukue la pili, na ulipime kwa namna watu wanavyotendeana.

Nieleze kwa nini nang'ang'ania hapo. Uchaguzi ulipofutwa tarehe 28 Oktoba 2015, grupu la ukoo wetu lilichemka siku tatu, kisha likavunjika vipande viwili. Maneno yaliyoandikwa mle sitayarudia. Bibi yetu alipofariki, tangazo lilitumwa magrupu yote mawili kwa maneno yaleyale, na watu wa pande zote walifika Mtambwe kuzika. Ningepima maneno peke yake, ningeandika kwamba ukoo wetu umekwisha.

Hatua ya pili: kuchagua magrupu

Usichukue magrupu ya vyama tu. Mle watu wameshakubaliana, na utakachokiona ni moto unaoota moto. Tafuta yale ambayo watu wameingia kwa jambo jengine: waliosoma skuli moja, ukoo, timu ya mpira, wanaochangishana maji ya mtaa. Siasa huingia humo kwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo pana la kujifunza. Magrupu sita yaliyosomwa kwa makini yanatosha kwa mtu mmoja.

Hatua ya tatu: ruhusa

Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti. Cha Bara hakikutoshi. Kisha idhini ya admini si idhini ya wanachama. Jitambulishe mbele ya wote, eleza unachokitafuta, na kila mtu ajibu mwenyewe. Aliyekataa, ujumbe wake unafutwa kwenye faili lako kabla hujasoma chochote. Kujificha ndani ya grupu ukachukua maneno ya watu ni haramu kwangu, hata kama faida yake ni kubwa.

Hatua ya nne: pima kabla ya kampeni, upime tena baada ya matokeo

Maswali yawe ya mambo ya kila siku. Maziko ya mwisho uliyohudhuria yalikuwa ya nani, na familia ile inajulikana kwa chama gani? Duka unalonunua unga, mwenyewe unamjua ni wa wapi? Mwanao akiposwa na mtu wa chama chengine, utasemaje? Ongeza kipimo cha hisia cha 0 mpaka 100 (0 ni kuwachukia kabisa watu wa chama chengine, 100 ni kuwapenda sana), ambacho watafiti wa nchi nyingi hukitumia, ili kazi yako iweze kulinganishwa. Lakini uzito uweke kwenye yale maswali ya mwanzo.

Hatua ya tano: kukusanya

Hamisha mazungumzo bila ya picha. Voisi ziandike kwa mkono, neno kwa neno pamoja na kicheko, maana wazee wetu hawaandiki, wanasema. Ujumbe wenye alama ya kuwa umefowadiwa mara nyingi uweke pembeni. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inauruhusu kupelekwa sehemu moja tu kwa mara moja, lakini bado unatembea, na aliyeuleta huenda hata hakuusoma. Maneno ya mtu mwenyewe na maneno aliyoyapitisha ni vitu viwili.

Andika pia siku ambazo hamkuwa na mtandao. Oktoba 2020 na Oktoba 2025 mawasiliano yalibanwa wakati wa uchaguzi. Waliobaki hewani kwa VPN siku hizo hawawakilishi grupu zima.

Hatua ya sita: kuweka alama

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo programu za kuhesabu maneno makali zinapotuangusha. Mzanzibari aliyekasirika kwelikweli hatukani, anapiga kijembe. Mtu akiandika "Hongereni, nyumba mpya, mlango wa zamani", kompyuta itasoma pongezi. Na neno "Hizbu" kwa Kiarabu ni chama tu. Kwetu, ukimwita mtu hivyo leo, umemrudisha kabla ya 1964 na umemwambia nchi si yake. "Mazombi" nalo, yaani wale waliofunika nyuso wakawa wanapiga watu, ukiwa hukuwepo 2015 na 2016, utadhani watu wanazungumza sinema.

Kwa hiyo alama ziwekwe na watu wawili wanaojua mafumbo, ikiwezekana mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, kila mmoja peke yake. Halafu pimeni mnakubaliana kiasi gani kwa kipimo cha kappa (1 ni kukubaliana kila kitu, 0 ni kama mnabahatisha tu). Ikiwa chini ya 0.7, kaeni mzungumze mstari kwa mstari mpaka mjue mnapishana wapi. Mimi kupishana huko kulinifundisha zaidi kuliko faili lenyewe.

Msiweke alama kwenye ujumbe mmojammoja. Chukueni mnyororo mzima: kauli, jibu, jibu la jibu. Angalieni ni nini kilichotokea baada ya kijembe. Mara nyingi mambo hupoa mtu anapouliza "ulisikia wapi hiyo?", au anaporudi kwenye udugu, akamwita mwenzake "shemeji" katikati ya mabishano, au akamwambia waende pembeni. Huchemka pale watazamaji wanapoanza kumwaga vicheko, kwa sababu sasa mtu anatetea uso wake. Kimya kipeni alama yake. Kinaweza kuwa adabu, kinaweza kuwa woga, na hilo hutalijua mpaka umuulize aliyenyamaza.

Hatua ya saba: kusoma matokeo

Grupu likitulia, hesabu kwanza waliolefti. Nilishawahi kuandika kwa furaha kwamba grupu moja limepoa baada ya uchaguzi, kumbe upande mmoja ulikuwa umeondoka karibu wote. Tangu 2022 mtu akiondoka taarifa huwafikia maadmini tu, hivyo iangalie mapema orodha ya waliotoka, kabla haijapotea.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wete: Maalim, huku kwetu grupu zima ni upande mmoja. Nikilitafiti nitapata kitu?

Utapata, ndugu yangu, ila swali libadilike: mtu wa upande wa pili wanamjua kwa kumuona au kwa kusimuliwa? Julai 2019, wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya Srebrenica, watafiti waliwaomba watu wa Bosnia-Herzegovina wazime Facebook. Waliozima walitoka na mtazamo mbaya zaidi juu ya makabila mengine kuliko walioendelea, hasa wale wanaoishi sehemu za kabila moja. Mahala ambapo watu hawachanganyiki, mtandao huenda ndio uchochoro pekee wanaoonana. Marekani mwaka 2018, wengine walizima Facebook wiki nne, misimamo yao ikasogeleana kidogo, lakini na habari wakazijua kidogo. Kwa hivyo linganisha grupu lako la Wete na moja la Ng'ambo ya mjini Unguja, ambako nyumba zimechanganyika.

Mwanachama, Kikwajuni: Kwa nini tusiwawekee watu tu habari za upande wa pili, wazizoee?

Lilijaribiwa. Chris Bail na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliwalipa Wamarekani wafuate kwa mwezi mmoja akaunti ya Twitter iliyosambaza maneno ya upande wa pili. Wafuasi wa Republican walizidi kuwa wahafidhina. Wa Democratic hawakubadilika kwa kiasi cha kuthibitika. Kurushiwa maneno ya wanasiasa si sawa na kuulizwa jambo na binamu yako. Ndiyo maana nimekwambia usome minyororo.

Mwanachama, Makunduchi: Dada, kila nikiuliza "utamzika mtu wa chama kile?", wote wananambia ndiyo, sisi Waislamu. Nifanyeje?

Usiulize atafanya nini, uliza alifanya nini mara ya mwisho. Ukihitaji zaidi, tumia orodha. Nusu ya watu wasomee mambo manne ya kawaida, nusu nyengine wasomee hayohayo na la tano, "nimewahi kuacha kwenda mazikoni kwa sababu ya siasa". Kila mtu akutajie idadi tu ya yaliyomhusu. Tofauti ya wastani wa makundi hayo mawili ndiyo kadirio lako, na hakuna aliyejitaja. Lakini lazima uwagawe kwa bahati nasibu, na uwe na watu mia kadhaa. Kwa watu arubaini haitakwambia kitu.

Mwanachama, Mkoani: Mimi najulikana ni mtu wa chama. Naweza kufanya utafiti huu?

Unaweza, ukilisema mwanzo kabisa, na mwenzako wa kuweka alama akatoka upande wa pili. Mkishindwa kukubaliana juu ya mnyororo fulani, chapisheni usomaji wote wawili.

Mwanachama, Chake Chake: Na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, akinijia anataka majina?

Majina yasikae pamoja na mazungumzo hata siku moja. Kila mtu mpe namba, na karatasi inayounganisha namba na jina iwe moja tu, ya mkono, nyumba nyengine. Mimi huichoma siku ya usaili wa mwisho, msaidizi wangu akishuhudia, na wahojiwa huwa nimeshawaambia tarehe ya kuichoma tangu siku ya kwanza.