Kugawana Mali Ndoa ya Miaka Mingi Inapovunjika Uganda
Kabla ya kwenda mahakamani, orodhesha mali mliyochuma pamoja, yaani kibanja, nyumba, ng'ombe na akiba ya SACCO, ukionyesha nani alichangia nini, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba usawa wa wanandoa ulio katika ibara ya 31 ya Katiba haumaanishi kila kitu kukatwa nusu kwa nusu. Mchango si fedha tu: mke aliyepalilia migomba na kulea watoto miaka 20 amechangia, ingawa hana risiti (hapa ndipo wengi hukwama), hivyo atafute majirani watakaomtolea ushahidi. Ukidai matunzo, yaani fedha za kujikimu kutoka kwa mwenzako, peleka hesabu ya kodi ya nyumba, chakula na dawa, pamoja na uthibitisho wa kipato cha mwenzako.