Somo: Kutoa risasi kwenye wavu bila kupoteza wavu (soma lote kabla ya kuuliza)

Wiki hii watu sita wamenisimamisha hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, na swali lilelile: "Papa, ukitoa risasi unaweka nini?" Haya, naandika mara moja.

Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali nzito ya kijivu, wengine mnaiita plombu, inayofungwa kwenye kamba ya chini ya wavu wa kutega ili izame. Ikikatika, inabaki ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayochota kwa bidon kila asubuhi. Kinachoniudhi zaidi ni namna tunavyoipata: batri kuukuu ya gari inapasuliwa uani, inayeyushwa kwenye sufuria juu ya makaa, watoto wamechuchumaa pembeni wakitazama.

Hatua ya 1. Fungua risasi zote, zitie kwenye mkebe wenye kifuniko. Nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Hatua ya 2. Chagua badala yake: nondo, jiwe zito au udongo wa kuchoma.

Hatua ya 3. Pima NDANI YA MAJI. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitoa kilo tano za risasi, nikaweka kilo tano za makoro, yaani mawe ya volkano yenye matundu, maana makoro hapa kwetu ni bure, unayakanyaga tu. Usiku ule kamba ya chini haikushuka. Wavu ulining'inia kama pazia kwenye upepo, na kulipokucha ulikuwa umejisokota na wa jirani. Tulikata mafundo mpaka saa nne, na nyuzi zake nililipa mimi.

Sababu ni kwamba maji hubeba sehemu ya uzito wa kila kitu, na kitu chepesi kwa ukubwa wake hubebwa zaidi. Gramu 100 za risasi zikiwa majini huvuta kama gramu 91. Chuma, 87. Jiwe zito lisilo na matundu, kama 62. Udongo wa kuchoma, kama 50. Kwa hiyo penye gramu 100 za risasi weka 105 za chuma, au 147 za jiwe, au 182 za udongo. Makoro yenye matundu hayamo kwenye hesabu hii, yaacheni yajenge kuta.

Usiniamini mimi, amini ndoo. Funga risasi zote za zamani fungu moja, zining'inize kwenye mizani ya ndoana, zizamishe kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini, usome. Kisha fanya hivyo na uzito mpya, ukiongeza mpaka mshale ufike palepale.

Hatua ya 4. Nondo ya milimita 8 ikikatwa sentimita 8 ina gramu 31 hivi, yaani inashika nafasi ya risasi ya gramu 30. Piga tupa ncha zote mbili, la sivyo zitakata uzi. Ivishe ukanda wa chemba ya tairi ili kutu isile kamba.

Hatua ya 5. Funga kwa nafasi zilezile za zamani. Basi.

MASWALI

Kijana wa Himbi: Naweza kuweka makoro?
— Hatua ya 3.

Kijana wa Himbi: Lakini kama ni makubwa?
— Ndugu, ndoo unayo. Pima.

Mvuvi Mzee: Babu yangu alivua na risasi mpaka akazeeka. Hizi ni hadithi za wazungu.
— Mzee wangu, kwa heshima, Thiaroye iko Senegal. Kati ya 2007 na 2008 watoto 18 walikufa huko, mahali ambapo risasi ya batri ilikuwa ikichambuliwa mchangani. Babu alikuwa mtu mzima. Mwili wa mtoto hunyonya risasi zaidi kuliko wa mtu mzima, na huumiza ubongo wake.

Mama Sambaza: Risasi ikilala chini ya maji inayeyuka? Mbona samaki hawaelei?
— Swali zuri, mama. Ikilala tu huyeyuka polepole sana. Balaa ni ikimezwa. Ndege wa majini hana meno, humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Kipande kidogo cha risasi kwake ni changarawe. Firigisi inakisaga, asidi inakiyeyusha, kinaingia damuni, ndege anapooza na kukonda mpaka anakufa. Uingereza walikuwa wakiokota bata maji wamekufa hivyo. Mwaka 1987 wakapiga marufuku vipande vidogo vya risasi vya kuvulia kwa ndoano, na bata maji wakaongezeka.

Mama Sambaza: Basi mwanangu anayebana risasi ya mshipi kwa meno?
— Mkataze leo hii! Mpe koleo. Au afunge nati ya boliti, gereji wanazitupa.

Fundi Baiskeli: Nati nzuri, lakini inanasa kwenye miamba.
— Kweli. Ifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi. Ikinasa, unapoteza nati, samaki anabaki.

Kijana wa Himbi: Na risasi za zamani nizitupe ziwani?
— ...

Fundi Baiskeli: Mimi mkebe wangu nimeujazia saruji juu, naubania mlango wa gereji.
— Hiyo nimeipenda. Saruji ilikauka siku ngapi?