Kabla ya kununua mche, hesabu baridi

Wengi wakienda kununua mche wa tufaha huuliza utamu wa tunda. Mimi ningeanza na swali jingine: mti huu unahitaji baridi ya saa ngapi?

Mti uliolala majira ya baridi hauamshwi na joto peke yake. Sharti kwanza ushibe baridi, na kipimo cha kawaida ni jumla ya saa ambazo hewa imekaa kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za Selsiasi. Aina nyingi za tufaha hutaka saa 800 hadi 1,000. Aina iitwayo Anna hutosheka na 300 au pungufu. Mti ukishashiba ndipo huanza kulimbikiza joto la majira ya kuchipua, siku hadi siku, mpaka uchanue. Ndiyo maana baridi ikiwa haba, maua huweza kuchelewa badala ya kuwahi, tena huja kwa kusuasua: tawi hili leo, lile baada ya wiki mbili.

Basi tafuta rekodi za joto za miaka kumi hivi kutoka kituo kilicho karibu na shamba. Usiridhike na wastani, kwani mti hauishi ndani ya wastani. Angalia mwaka uliokuwa na baridi haba kuliko yote, uchague aina ambayo ingeshiba hata mwaka huo. Siku za vuguvugu katikati ya baridi nazo zina hasara yake, kwa kuwa hufuta sehemu ya akiba.

Kama zao lako huchavushwa na mti mwingine, hakikisha yote miwili huchanua pamoja. Kule California, baada ya baridi haba ya 2014 hadi 2015, miti dume na jike ya pistachio (aina ya kokwa) ilipishana kuchanua, na maganda mengi yakatoka matupu.

Hatari ya pili ni kuamka mapema. Machi 2012 huko Michigan, Marekani, joto lilipanda kupita kiasi, miti ikachanua, kisha jalidi (baridi ya kugandisha) ya Aprili ikateketeza takriban asilimia 90 ya matufaha. Ua la tufaha lililofunguka huanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri; zikifika 4, karibu yote yamekwisha. Hewa baridi hutiririka bondeni kama maji, kwa hiyo usipande shimoni, na kipimajoto kitundike pale palipo chini kabisa shambani, si ukutani mwa nyumba.

Weka na wembe tayari. Baada ya usiku wa jalidi, subiri jua lipande, chuma vichipukizi kumi kutoka matawi mbalimbali, uvipasue katikati. Kilicho hai kina kiini cha kijani; kilichokufa kina doa jeusi au la kahawia.