Jinsi ya kumulika punje za mahindi ili uone kazi ya Opaque2

Punje ya mahindi ikiwa bado changa, protini iitwayo Opaque2 hujishika kwenye DNA, mbele kidogo ya jeni za zeini, na kuziwasha. Zeini ndiyo protini ya akiba inayoipa punje ugumu. Opaque2 ikiwa mbovu, zeini hupungua na punje hubaki laini kama chaki. Ajabu ni kwamba lishe yake hupanda: zeini karibu haina kabisa laisini, kijenzi cha protini ambacho mwili lazima ukipate kwenye chakula, na nafasi yake hushikwa na protini zenye laisini. Hilo lilitangazwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1964.

Hatua ya 1. Chavusha mahindi ya kawaida kwa chavua ya mmea wenye Opaque2 mbovu. Punje utakazovuna, panda msimu unaofuata.

Hatua ya 2. Sasa kila mmea ujichavushe wenyewe. Funika hindi changa kabla ndevu hazijachungulia. Jioni valisha mbelewele mfuko wa karatasi. Asubuhi umande ukikauka, kung'uta chavua uimwage kwenye ndevu, kisha funika tena. Hapa usizembee. Mimi niliwahi kuchelewa siku moja tu, chavua ya shamba la jirani ikaingia, punje za chaki zikawa za kuokoteza. Endospemu, yaani sehemu ya punje inayohifadhi wanga na zeini, hupokea nakala mbili za jeni kwa mama na moja kwa baba, na hiyo moja ya baba, ikiwa nzima, inatosha kuwasha zeini.

Hatua ya 3. Kausha barabara. Punje mbichi zote zinafanana.

Hatua ya 4. Weka balbu chini ya kioo, zima taa za chumba, panga punje juu yake. Ngumu hupitisha mwanga kama ukucha. Ya chaki inakaa nyeusi. Kiinitete kina giza lake hata kwenye punje nzima, kwa hiyo tazama upande wa taji, yaani ncha pana ya punje. Katika punje 400, tarajia kama 100 nyeusi.

Utakutana na zilizoangaza nusu. Usizitupe! Zina jeni nyingine zinazorudisha ugumu huku Opaque2 ikiwa bado mbovu. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, walichagua punje za namna hiyo hadi wakapata mahindi magumu yenye lishe, wakatunukiwa World Food Prize, yaani Tuzo ya Chakula Duniani, mwaka 2000. Taa inakuonyesha ugumu tu. Laisini ipelekee maabara. Maabara nyingi hupima triptofani, kijenzi kingine cha protini, kwa kuwa ni nafuu zaidi na hupanda pamoja na laisini.