Kabla hujaenda kuhani msiba kwa Wayahudi

Jamani wengi wetu huku Marekani tunafanya kazi ya kulea wazee majumbani, na wazee wengi ni Wayahudi, sasa siku mzee akifariki unabaki umeduwaa hujui uvae nini, ubebe nini, useme nini. Mimi nilimlea bibi mmoja miaka 3, wajukuu walimwita Bubbe, yaani bibi, na mimi nikawa namwita hivyo hivyo, na msiba wake nilikosea mambo. Chukueni haya mapema.

Kwanza omba ruhusa kazini siku hiyo hiyo. Wao hawasubiri wiki 2 kamati ichange na ndugu watue, wanazika ndani ya siku moja wakiweza, huku inaweza kuvuta siku mbili tatu kama watoto wako mbali, ila Sabato hawaziki, yaani toka Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, wala sikukuu kubwa. Wenzangu Waislamu hamtashangaa, maiti inaoshwa na watu wa jumuiya wenyewe, wanaitwa chevra kadisha, wanawake wanaosha wanawake na wanaume wanaume, halafu sanda nyeupe isiyo na mfuko, tajiri na maskini sanda ile ile, na sanduku la mbao tupu. Kwa kawaida limefungwa, kwa hiyo usitegemee kupita kuaga mwili wala usitoe simu upige picha. Wanaofuata mila hawamwachi maiti peke yake mpaka kaburini, kuna mtu anakaa naye anasoma Zaburi. Kazi ya kumhudumia maiti wanaiita wema wa kweli, maana yule hawezi kukulipa. Hii iliniingia sana.

Maua usinunue. Mimi nilienda na shada kubwa, binti yake akalipokea kwa adabu akaliweka chini karibu na mlango, nikaangalia chumba kizima, hakuna ua lingine hata moja. Wenzio wanatoa sadaka kwa jina la marehemu. Vaa nguo ya heshima, mwanaume ufunike kichwa. Ukiona mfiwa ana shati limechanika kifuani au katepe keusi kamekatwa, ndiyo alama ya msiba, ya baba au mama inakuwa kushoto juu ya moyo.

Kaburini watu wenyewe wanatia udongo. Wengi wanageuza beleshi watumie mgongo wake mwanzoni, kuonyesha hii kazi hawaifanyi kwa kuikimbilia. Ukimaliza usimpe mwenzio mkononi, lichomeke kwenye udongo alichukue mwenyewe. Ukitoka nawa mikono.

Sasa shiva, siku 7 za kukaa matanga nyumbani. Wafiwa wanakaa viti vifupi, vioo vimefunikwa, mlango uko wazi ingia tu bila kugonga. Hawapiki, majirani ndio wanaleta chakula, cha kwanza mayai ya kuchemsha na dengu, kwa hiyo kabla hujabeba pilau lako uliza kama wanakula kosher, yaani chakula cha kufuata sheria za dini yao tu. Na hapa ndipo pagumu kwetu tuliozoea kuingia na pole nyingi na kilio: unakaa kimya mpaka mfiwa aanze yeye kuongea. Wanafuata rafiki za Ayubu, walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Mimi nilikaa mbele ya mtoto wake wa kiume kama dakika 10, mikono imelowa jasho, nilitamani kusema chochote, mara akainua uso akaniuliza, mama alikuwa anaimba asubuhi? Nikamwambia ndiyo, kila nikimchana nywele. Akalia, na mimi nikalia, tukaongea saa nzima.

Usimwambie yuko mahali pazuri zaidi. Ulimwengu ujao na ufufuo vimo katika imani yao, Danieli 12 inasema, na Maimonides, mwalimu wao mkubwa wa zamani, aliuweka ufufuo kwenye misingi yake 13, lakini habari za huko hazielezwi kwa kirefu kama tunavyohubiriwa sisi, na wapo Wayahudi wasioamini kabisa. Ukitaka neno sema kumbukumbu lake liwe baraka, inatosha. Jioni utasikia Kaddish, sala ya Kiaramu, wanahitaji Wayahudi wazima 10 ndiyo isomwe, Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika sana sheria za zamani, wanahesabu wanaume tu, na ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja, ni kumsifu Mungu mwanzo mwisho. Mtoto anaisomea mzazi wake miezi 11, maana mapokeo yanasema hukumu ya waovu inafika miezi 12, sasa nani atamhesabu mama yake humo?

Mwisho waulize tarehe ya kumbukumbu ya mwaka, wanafuata kalenda ya Kiebrania kwa hiyo kwenye kalenda yetu inahama. Siku hiyo wanawasha mshumaa unaowaka saa 24. Mimi mwaka ulipofika nilienda makaburini sina ua, nikakuta vijiwe vimepangwa juu ya jiwe la Bubbe, wanaviweka wanaomtembelea, nikaokota kamoja pembeni ya njia nikakapangusa vumbi nikaweka na changu.