Kero Moja Hadi Ipate Jibu: Namna ya Kuwaingiza Wanafunzi na Wakazi Katika Maamuzi ya Mtaa Wao

Wanafunzi wengi wanaweza kutaja mihimili mitatu ya dola bila kusita. Waulize ni ofisi gani inayoamua taa ya barabarani iwekwe wapi, na darasa zima litanyamaza. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mlezi wa klabu au kijana anayetaka kuziba pengo hilo. Kazi yangu ni kuwezesha vikundi vya wanafunzi na wakazi, na msimamo wangu ni huu: watu hujifunza uraia kwa kuisukuma kero moja mpaka ipate jibu. Jibu la maandishi, likisomwa mbele ya watu walioliomba, hufundisha kuliko semina nyingi za haki na wajibu.

Tenga muhula mmoja na kikundi cha wanafunzi 15 hivi. Kabla ya lolote, pata ruhusa ya maandishi ya uongozi wa shule na ya wazazi. Kubalianeni pia kwamba hapatakuwa na fulana ya chama wala jina la mgombea katika shughuli zenu. Wazazi wakihisi watoto wao wanatumika kwenye kampeni watawaondoa, na watakuwa sahihi kufanya hivyo.

Hatua ya 1: Tembeeni, mchague kero

Usianze kwa kuuliza darasani, "Tufanye nini kuhusu rushwa?" Watoke nje. Wagawe watatu watatu, kila kundi lipite njia zake lenyewe kwa saa moja na kuandika mambo matatu: tatizo ni nini, liko wapi hasa, na nani anaumia. Wakirudi, wachore ramani ya mkono kwenye karatasi kubwa na kuweka alama.

Kisha chujeni. Kero inayofaa ina ofisi mahususi yenye uwezo wa kuitolea uamuzi, inaweza kupata jibu kabla muhula haujaisha, na inawagusa hata watu wasiohusika na shule. Kivuko cha waenda kwa miguu, jaa la taka lililofurika, bomba lililokatika, maktaba inayofungwa mapema: haya yote yanafaa. Umaskini na ukosefu wa ajira ni mambo mazito zaidi, lakini kikundi kinachoanza nayo huishia kwenye mabango.

Waache wanafunzi wachague wenyewe, hata kama wewe ungechagua kero nyingine. Kero waliyochaguliwa na mlezi huwatoka mikononi mara mitihani inapokaribia.

Hatua ya 2: Tafuteni mwenye uamuzi, na kalenda yake

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, kwa hiyo ipe hatua hii muda wa kutosha. Malalamiko mengi hayakataliwi. Hufika ofisi isiyohusika, yakafia huko. Wape wanafunzi maswali manne ya kwenda kuuliza: Nani anaweka saini? Fedha zinatoka fungu gani? Nani anaweza kuzuia? Uamuzi unafanyika lini?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kupita yote. Bajeti ya umma huandaliwa miezi kadhaa kabla mwaka wa fedha haujaanza. Ukifika baada ya kupitishwa, hata ofisa mwenye nia njema atakwambia usubiri mwaka ujao. Tafuta tarehe ya vikao vya bajeti vinavyopokea maoni ya wananchi, kisha panga muhula wako ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Nyaraka mtazipataje? Sheria ya kwanza ya kuruhusu raia kuona nyaraka za serikali ilitungwa Uswidi mwaka 1766, na leo zaidi ya nchi 100 zina sheria za aina hiyo. Uliza kama yako ni mojawapo, na uonyeshe kifungu unapoomba. Mara nyingi barua ya heshima inayotaja waraka unaoutaka kwa jina lake inatosha.

Wanafunzi wakiuliza kwa nini wahangaike na tarakimu, waeleze yaliyotokea Uganda. Kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilizitengea kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti yenyewe, maana mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea wakati huohuo. Lakini mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa aliweza kumuuliza mwalimu mkuu swali ambalo zamani hakuwa nalo.

Hatua ya 3: Bisheni hodi

Tangazo kwenye kundi la WhatsApp ni ukumbusho tu. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven nchini Marekani, watafiti Alan Gerber na Donald Green waligawa wapiga kura kwa bahati nasibu: wengine walitembelewa nyumbani, wengine walipigiwa simu, wengine walitumiwa barua za kuwahimiza kupiga kura. Kutembelewa kuliongeza waliojitokeza kwa kiasi cha kuonekana wazi, barua ziliongeza kidogo, simu hazikuongeza kitu. Utafiti ule ulihusu uchaguzi, lakini katika kazi yangu naona hivyohivyo kwenye mikutano ya mtaa: anayekuja ni yule aliyealikwa ana kwa ana.

Waende wawili wawili, mwanafunzi na mtu mzima, mchana. Wafundishe mpangilio huu: salamu, jina na shule, swali moja kuhusu kero, kimya cha kusikiliza, kisha siku, saa na mahali pa mkutano. Waandike anachosema mwenye nyumba kwa maneno yake. Mtu akisikia maneno yake yakisomwa mkutanoni, atakuja na wa pili.

Angalieni nani anakosekana. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwaleta wastaafu na viongozi peke yao. Ukumbi wenye ngazi humfungia nje mwenye kiti cha magurudumu. Wenye watoto wadogo watakuja kama kuna mtu wa kuwaangalia watoto kwa saa moja na nusu.

Hatua ya 4: Endesheni mkutano ambao vijana wanausimamia kweli

Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko lililotolewa na UNICEF, alipanga ushiriki wa watoto katika ngazi ya vidato vinane. Vidato vitatu vya chini, yaani kuwatumia watoto kwa hila, kuwaweka kama mapambo na kuwapa nafasi ya jina tu, alisema si ushiriki hata kidogo. Kwaya ya wanafunzi inayoimba kabla ya hotuba ya mgeni rasmi kisha ikaondolewa iko hukohuko chini. Ukihitaji hoja ya kumshawishi mkuu wa shule, Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na upevu wake.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mkutano awe mwanafunzi, na katibu pia. Panga viti kwa duara. Kila mtu apewe dakika tatu za kuandika kimya kabla ya mazungumzo, kisha wa umri mdogo waanze kusema. Utaratibu huu huondoa ile hali ya mzee mmoja kutoa kauli na wengine wote kuitikia. Asiyejua kuandika aandikiwe na jirani yake. Malizeni kwa kura juu ya ombi mnalopeleka, na muhtasari usomwe papo hapo.

Hatua ya 5: Andikeni ombi la ukurasa mmoja

Mfano:

"Sisi wanafunzi 40 na wakazi 65 tunaomba alama za kivuko na tuta moja mbele ya lango la shule. Kwa siku 5 tulihesabu watoto wanaovuka hapo kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Wastani ni 210 kwa siku. Tunaomba mhandisi wa barabara afike kukagua, nasi tupate jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 ya mwezi ujao."

Ombi moja, ushahidi mliohesabu wenyewe, na tarehe. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo.

Hatua ya 6: Fikeni mbele ya mwenye uamuzi

Wazungumzaji watatu, dakika mbili kila mmoja, mazoezi ya kutosha. Mfundishe mmoja wao kuuliza kwa adabu, "Tukufuate lini kwa jibu?" na asiketi mpaka tarehe itajwe.

Hatua ya 7: Rudisheni jibu kwa watu

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Wakazi walioitwa mkutanoni halafu wasisikie kitu hawatafungua mlango mwaka ujao. Iteni tena watu walewale ndani ya wiki mbili baada ya jibu, au baada ya tarehe ya jibu kupita. Someni barua yenyewe. Jibu likiwa "hapana," someni hiyo hapana pamoja na sababu zake, kisha mkutano uamue: kurekebisha ombi, kupanda ofisi ya juu, au kusubiri bajeti. Ukimya wa ofisi nao utangazwe, pamoja na tarehe mlizofuatilia.

Porto Alegre nchini Brazili, ambako bajeti shirikishi, yaani wakazi kuamua wenyewe sehemu ya fedha za mji itumike wapi, ilianza mwaka 1989, wakazi hawakuishia kupiga kura ya vipaumbele. Walichagua wajumbe wa kufuatilia miradi, na mzunguko ukaanza tena kila mwaka.

Hatua ya 8: Ombeni sehemu ya uamuzi wenyewe

Kikundi kilichopata majibu mara moja au mbili kina haki ya kudai zaidi. Mwaka 2014 jiji la Boston liliwakabidhi vijana wa miaka 12 hadi 25 uamuzi juu ya dola milioni 1 za bajeti yake ya maendeleo. Walibuni miradi, wakaipigia kura, na kati ya iliyoshinda kulikuwa na kompyuta za shule, njia za waenda kwa miguu na ukarabati wa bustani. Shule inaweza kuanza na kiasi kidogo sana, mradi wanafunzi ndio wanaoamua na mapokezi ya fedha yanabandikwa ubaoni.

Wakati huo anza kuandaa kundi la kurithi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho awe na mwanafunzi wa darasa la chini wa kumfuata kwenye kila kikao. Faili la klabu libaki shuleni likiwa na ramani, muhtasari, nakala zenye muhuri, majina ya vyeo vya ofisi mlizofika na tarehe za bajeti za mwaka unaokuja.