Kusoma hataza za mvumbuzi mmoja: kutoka uso wa saa hadi barakoa ya kuchomelea

Uso wa saa ya dijitali na barakoa ya kuchomelea inayojitia giza yenyewe ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ya vyote viwili kuna fuwele kimiminika (liquid crystal) iliyobanwa kati ya vioo viwili, na volteji ndogo huamua kama mwanga upite au uzuiwe. Mvumbuzi aliyefanya kazi pande zote mbili ni James L. Fergason wa Marekani (1934–2008), mwenye hataza (patent, yaani hati ya kulinda uvumbuzi) zaidi ya 100 za nchini mwake. Kwa anayejifunza kusoma hataza, nyaraka zake ni uwanja mzuri wa mazoezi: zinaeleweka, za zamani muda wake umekwisha, na zimetawanyika kiasi cha kukulazimisha utafute kwa akili.

Kuzikusanya

Anza na jina la mvumbuzi, si mada. Google Patents na Espacenet, hifadhi za hataza za mtandaoni, zote zina sehemu ya kujaza jina hilo, na hazilipishwi. Angalia herufi: ni Fergason, si Ferguson, na kosa hilo limejaa hata kwenye maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kurasa za zamani. Jaribu jina likiwa limegeuzwa (Fergason James), likiwa na herufi ya kati, na bila hiyo herufi. Kisha chuja, maana wapo watu wengine wenye jina hilohilo la ukoo ambao nao wana hataza za skrini na za barakoa.

Jina peke yake halitoshi, kwa hiyo pita mara ya pili kwa msimbo wa uainishaji, yaani herufi na namba ambazo ofisi za hataza huipa kila mada. Vifaa vya fuwele kimiminika viko chini ya G02F 1/13 na matawi yake. Kinga za uso za welda ziko A61F 9/06, na zile ambazo kioo chake hubadilika giza ziko A61F 9/067. Ukitafuta barakoa ndani ya G02F peke yake utakosa nyingi, kwa sababu mtahini wa ofisi ya hataza huenda aliiona kama kifaa cha macho kwanza, na skrini baadaye.

Kwa hataza za Marekani za kabla ya 1976, usitegemee kutafuta kwa maneno peke yake katika hifadhi ya ofisi ya hataza ya Marekani yenyewe. Njia za uhakika zaidi humo ni namba, tarehe ya kutolewa na uainishaji. Namba iandike bila mikato, ikitanguliwa na nchi: 3,731,986 inakuwa US3731986.

Nne za kuanzia ni hizi. Ya 3,114,836 ya 1963 inahusu kuona joto kwa rangi kwa kutumia fuwele za aina ya kolesteriki. Ya 3,731,986 ya 1973 ni seli ya skrini iliyosokotwa. Ya 4,435,047 ya 1984 inafungia fuwele ndani ya vitone vidogo mithili ya vidonge. Ya 5,208,688 ya 1993 ni kinga ya macho kwa barakoa ya welda. Zisome kwa mfuatano huo. Ukianza na ya mwisho utakutana na seli iliyosokotwa imetajwa kana kwamba kila mtu anaijua.

Ukurasa wa kwanza

Namba ndogo zilizo kwenye mabano ni zilezile katika nchi nyingi, kwa hiyo hata hataza ya lugha usiyoijua unaweza kuisoma nusu. 22 ni tarehe ya maombi, 30 ni kipaumbele kutoka maombi ya awali ya nchi nyingine, 45 ni tarehe ya kutolewa, 54 ni jina la uvumbuzi, 72 au 75 ni mvumbuzi, 73 ni mmiliki, 56 ni nyaraka zilizorejelewa, 57 ni muhtasari.

Tarehe ndizo zinazowaponza wengi. Hataza 3,731,986 iliombwa 22 Aprili 1971 na kutolewa 8 Mei 1973. Wanafizikia Schadt na Helfrich walikuwa wameomba hataza ya wazo hilohilo Uswisi tarehe 4 Desemba 1970. Anayetazama tarehe ya kutolewa pekee hataona kuwa kulikuwa na mbio. Na kwa hataza za Marekani za enzi hizo, tarehe ya maombi nayo haimalizi hoja: hadi 16 Machi 2013 nchi hiyo ilimpa haki aliyevumbua kwanza, si aliyeomba kwanza.

Jina na muhtasari vipite haraka. Jina huandikwa pana makusudi, na muhtasari haukupi mpaka wa haki.

Madai: hapa ndipo pa kukaa

Hataza inalinda kilichoandikwa kwenye madai, basi. Katika hataza za Marekani madai yako mwisho kabisa, yamepewa namba. Tafuta yale yasiyotaja dai jingine. Hayo ndiyo yanayojitegemea. Yanayoanza na “kifaa cha dai la 1, ambamo…” ni membamba zaidi, na kama bidhaa yako haimo katika dai la 1, haiwezi kuwamo katika hayo yanayolitegemea.

Chukua dai na ulivunje vipande, kila kipande mstari wake. Hili hapa limetungwa kwa mazoezi tu (polaraiza ni kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, na nematiki ni aina ya fuwele kimiminika):

Kifaa cha kukinga macho kinachojumuisha:
a) kichujio cha kudumu kinachozuia mionzi ya urujuanimno na infraredi;
b) polaraiza mbili;
c) seli ya nematiki iliyosokotwa, iliyo katikati ya polaraiza hizo;
d) sensa ya mwanga wa tao la umeme; na
e) saketi inayopeleka volteji kwenye seli pale sensa inapoona mwanga huo.

Sasa weka bidhaa pembeni na uipitishe kwenye kila mstari. Barakoa yenye seli mbili na polaraiza tatu? Imenaswa, kwa sababu neno “kinachojumuisha”, ambalo kwa Kiingereza huwa “comprising”, linaruhusu vya ziada. Lingekuwa “consisting of”, dai lingefunga mlango: hivyo vilivyotajwa na si zaidi. Barakoa isiyo na sensa, ambayo welda huibonyeza kwa kidole? Mstari wa d haupo, kwa hiyo kwa maneno yalivyo imetoka nje. Kipande kimoja kikikosekana, dai halikushiki. Tahadhari moja: mahakama za nchi nyingi zinaweza kukihesabu kitu kinachofanya kazi ileile kwa njia ileile kuwa sawa na kilichodaiwa, kwa hiyo kubadilisha skrubu kuwa gundi huenda kusikuokoe.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kusoma maelezo marefu na michoro kana kwamba ndiyo haki yenyewe. Kitu kilichochorwa kwenye mchoro wa 4 lakini hakimo kwenye dai lolote hakijalindwa na hataza hiyo. Huenda kimelindwa na hataza ya jirani iliyozaliwa kutoka maombi yaleyale, ndiyo maana uangalie familia nzima kabla ya kushangilia.

Mchoro na fizikia yake

Kabla ya kusoma maelezo, chapisha ukurasa wa michoro na uandike mwenyewe jina la kila namba kadiri unavyoikuta. Ukifika kati utaacha kurudi nyuma kila dakika.

Katika seli iliyosokotwa tarajia haya: vioo viwili vyenye tabaka jembamba linalopitisha umeme na mwanga, nyuso zilizosuguliwa upande mmoja, kimoja kikiwa kimegeuzwa digrii 90 dhidi ya mwenzake, na nafasi ya maikromita chache katikati. Molekuli hujipanga kufuata msuguo, kwa hiyo zinajisokota robo mzunguko kutoka kioo kimoja hadi kingine, na mwanga uliopolarishwa huzifuata. Ukiweka polaraiza zilizokingamana, bila volteji mwanga unapita. Ukiweka volteji, molekuli husimama wima, msokoto hupotea, na polaraiza ya pili inaukata mwanga. Volteji lazima iwe ya kugeukageuka. Umeme wa upande mmoja huiozesha fuwele kikemia, na ukiona saketi inayobadilisha ishara bila maelezo, sababu ndiyo hiyo.

Ukifika kwenye hataza ya barakoa, uliza swali ambalo kwenye saa halina uzito: betri ikifa, kioo kinakuwaje? Seli ya polaraiza zilizokingamana inakuwa wazi. Saa ikiwa wazi umekosa saa tu. Welda akiachwa na kioo wazi mbele ya tao ni jambo jingine. Ukizipanga polaraiza sambamba mambo yanageuka: giza bila umeme, na fundi haoni anapoweka elektrodi. Sehemu kubwa ya hataza za eneo hili ni njia mbalimbali za kukwepa mtego huu. Ndani ya kila mojawapo tafuta hali tatu: wazi, giza, na ile ya umeme kukatika. Kichujio cha kudumu cha urujuanimno na infraredi ndicho hubaki kazini katika zote.

Namba za giza, yaani kipimo cha ukali wa kioo cha barakoa, zibadilishe kuwa mwanga halisi, maana haziongezeki kwa kujumlisha. Fomula ni N = 1 + (7/3) × log₁₀(1/T), ambapo T ni sehemu ya mwanga inayopita. Namba 3 hupitisha karibu asilimia 14, namba 4 asilimia 5.2, namba 10 asilimia 0.014. Kila hatua moja juu hugawa mwanga kwa takriban 2.7. Hataza ikisema seli moja inafika 8 tu na mbili zinafika 13, sasa unajua ni tofauti ya mara zaidi ya mia.

Kasi ya kioo kujitia giza nayo isome pamoja na halijoto. Sekunde 1/25,000 ni milisekunde 0.04, lakini fuwele ikipoa huwa nzito na huchelewa. Kasi isiyotajiwa halijoto haina maana kubwa.

Je, bado iko hai?

Hataza za Marekani zilizoombwa kuanzia 8 Juni 1995 hudumu miaka 20 tangu maombi. Za kabla zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, hivyo 3,731,986 ilikwisha Mei 1990. Zilizokuwa hai siku hiyo ya 1995 zilipewa muda ulio mrefu kati ya hesabu hizo mbili. Nyingine hufa mapema kwa kutolipiwa ada, ambayo Marekani hudaiwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. Hali inayoonyeshwa na Google Patents ni makadirio. Hakikisha kwenye daftari la ofisi iliyoitoa. Na hataza haivuki mpaka: ya Marekani haizuii kutengeneza kitu katika nchi ambako haikuombwa, ila itakuzuia kukiingiza Marekani.

Hataza iliyokwisha unaruhusiwa kuitumia, lakini huwezi kuiomba upya kwa jina lako, na maboresho yaliyokuja baadaye yanaweza kuwa na hataza zake. Ndiyo kazi ya orodha ya waliorejelea hati hiyo: ifuate kwenda mbele hadi ufike kwenye hati za miaka 20 iliyopita, kisha soma madai ya hizo kwa njia ileile.

Usichanganye hataza na kibali cha usalama. Mtahini hupima upya wa wazo, hapimi kama macho yatapona. Kwa hilo soma alama kwenye kioo chenyewe, mfano 4/9-13 ikifuatiwa na 1/1/1/2 kwa kiwango cha Ulaya cha EN 379, ambacho bado kiko kwenye barakoa nyingi: wazi ni 4, giza 9 hadi 13, halafu ubora wa kuona, mtawanyiko wa mwanga, usawa wa giza na mabadiliko ya giza kwa pembe, 1 ikiwa bora na 3 hafifu. Ile ya mwisho ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu molekuli zilizosimama wima hukinga vizuri ukizitazama moja kwa moja, na ukizitazama kwa mshazari giza hubadilika, kama tarakimu za kikokotoo cha zamani zinavyofifia ukikiinamisha.